Namba ya Chelsea

Jumapili, 27 Aprili 2014. Al Wukair, karibu na Doha

Basi la shule limesimama nje ya geti saa kumi na mbili kasorobo kama kawaida, maana wiki ya hapa huanza Jumapili. Limepiga honi mara tatu. Nimesimama dirishani na kikombe cha chai nikaliacha lipige. Tevin, mtoto wa jirani yangu Velma, alipanda peke yake, akageuka kututazama, kisha likaondoka.

Chelsea alikuwa tayari mezani. Nimemvalisha shati jeupe na sketi ya buluu aliyoshonewa na fundi wa Wakrah, nywele nimezibana, na mbele yake nimepanga vitabu vya darasa la nne ambavyo ndugu yangu Benard alivituma kutoka Keroka, Kenya. Nilipoingia sebuleni alisimama akasema, "Habari ya asubuhi, Mwalimu." Mpaka saa sita mchana mimi si mama yake. Nimemweleza na ameelewa. Ana miaka kumi, si mtoto mchanga.

Daftari hili nililinunua la kuandalia masomo, lakini mume wangu Collins amesema amechoka kunisikiliza, basi hasira zangu nitaziandika humu.

Siku ya kufunga muhula nilikwenda kuchukua ripoti. Kurasa nane za rangi. Kila somo lina nyota, na nyota zote ni tatu, na chini yake sentensi moja moja: Chelsea yuko njiani kufika. Kufika wapi? Nikamwuliza mwalimu wake, Miss Cheryl, binti mdogo mwenye sauti ya kubembeleza wagonjwa, "Amekuwa namba ngapi?" Akatabasamu. Akasema shule yao haiwapangi watoto kwa namba, kila mtoto anakimbia mbio zake mwenyewe. Nikamwambia mbio za mtu mmoja si mbio, ni matembezi. Nikamwuliza tena: kati ya watoto ishirini na sita, wangu ni wa ngapi? Akasema hata angetaka hangeweza kuniambia. Halafu akaingiza habari nyingine, ati Chelsea hufuta kazi yake na kufuta tena mpaka karatasi inatoboka, ati angependa tuliongelee hilo. Mimi sikwenda pale kuongea habari za kifutio.

Sisi kila mwisho wa muhula tulijua nani ni nani. Baba aliandika namba zetu kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni: Peninah 2, Benard 41. Zilikaa pale mpaka muhula mwingine uishe. Leo mimi ni nesi Doha kwa sababu ya mlango ule. Siwezi kulea mtoto kwa nyota.

Shule imeniandikia kwa upole wao kwamba watamwekea Chelsea nafasi yake mpaka tarehe 12 Juni. Baada ya hapo inakwenda kwa mtoto mwingine, na kila mzazi hapa anajua foleni za shule zilivyo. Vizuri. Kufikia tarehe hiyo nitakuwa nimewaonyesha.

Jumanne, 29 Aprili

Hesabu za sehemu, ukurasa wa 40 hadi wa 43. Akichelewa namfanyia ubaoni, anaandika. Ananakili vizuri, mwandiko safi.

Ijumaa, 2 Mei

Mesaimeer, kwenye eneo la makanisa; hapa tunasali Ijumaa. Foleni ya magari, jua, ukaguzi wa vitambulisho, na kabla sijafika hata kwenye mlango wa kanisa nimeulizwa mara tatu. Mama Chelsea, tumesikia umemtoa mtoto shule? Kwani kuna nini?

Kwa Mzee Athanas nilisema ni maadili, hizi shule za kimataifa watoto wanafundishwa mambo. Akatikisa kichwa, akasema Mungu akubariki. Kwa Wairimu wa kwaya nilisema ni basi, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi na joto hili. Kwa mke wa mchungaji nilisema tunarudi nyumbani karibuni, mtoto lazima azoee mtaala wa Kenya. Wote walikubali. Kumbe sababu ukiisema kwa sauti ya ukali hakuna mtu anayekuomba ya pili.

Velma alikuwa nyuma yangu akisikiliza zote tatu. Tuliporudi kwenye gari akaniambia, "Si useme tu ile ya ukweli?"

"Ukweli upi?"

"Hata mimi sijui, Mama Chelsea. Ndio nakuuliza."

Mtoto wake amepata nyota tatu kila mahali kama wangu na yeye ameibandika ripoti ukutani. Mtu kama huyo utamweleza nini?

Alhamisi, 8 Mei

Mpango wangu umeanza leo, na niuandike vizuri, kwa sababu ni mpango mzuri.

Benard anafundisha darasa la nne kwenye akademia moja nje ya Keroka. Ana watoto arobaini na watatu, na kila baada ya wiki mbili wanafanya mtihani wa masomo matano, jumla alama mia tano. Chelsea atafanya mtihani uleule. Benard anautuma kwa WhatsApp, Collins anauchapisha ofisini kwake, na Alhamisi mchana mtoto anakaa nao. Mimi naingia zamu kliniki saa nane, kwa hiyo Collins ndiye msimamizi. Hata ningekuwa nyumbani nisingesimamia. Sitaki mtu aseme nilimsaidia. Akimaliza, Collins anazipiga karatasi picha anazituma, Benard anasahihisha, anaingiza jina lake kwenye orodha ya darasa. Watoto arobaini na wanne, na mmoja wao yuko Doha.

Benard aliuliza kama nitataka arudishe karatasi zilizosahihishwa. Nikamwambia hapana. Nikiziona nitaanza kumtetea. "Nitumie orodha. Nataka namba peke yake."

"Sawa, Dada," akasema. Huwa hana maneno mengi.

Jumapili, 11 Mei

Thelathini na saba.

Alama 243. Kati ya watoto arobaini na wanne, mwanangu ambaye amesomeshwa kwa kiyoyozi na kompyuta ni wa thelathini na saba. Niliikuza picha kwenye simu nikidhani nimesoma mstari wa mtu mwingine. Nimeichapisha nikaipachika kwenye friji, na Chelsea nikamsimamisha mbele yake.

Sikumpiga. Naandika hivyo kwa sababu Collins alinitazama kama mtu aliyepiga. Nilimwambia tu mtoto asome namba yake kwa sauti. Akasoma. Nikamwambia asome tena, sikusikia. Nikamwambia kuna watoto kule wanaosoma kwa taa ya mafuta na wamempita. Nikamwuliza anajisikiaje. Akasema, "Vizuri, Mwalimu," na hiyo ndiyo iliyonipandisha kichwa kabisa, nikaongea mpaka sauti ikakauka. Tukala chakula cha mchana. Nilipokuwa navaa viatu niende kazini alikuwa bado pale mezani na sahani yake, anazungusha wali.

Hasira zangu si zake. Ni za shule ile. Miaka mitatu wananiambia yuko njiani.

Jumatano, 14 Mei

Vumbi. Huoni hata msikiti wa ng'ambo ya barabara. Tumeongeza saa moja ya masomo.

Jumatatu, 19 Mei

Ameomba ruhusa kwenda chooni mara nne kabla ya saa nne. Nimemwambia wanafunzi wa Keroka hawaendi chooni mara nne.

Jumapili, 25 Mei

Kumi na tisa!

Kutoka 37 hadi 19 kwa wiki mbili. Alama 338. Nilimpigia Benard papo hapo, nikacheka kwenye simu kama msichana. Nikamwambia umeona? Mtoto alikuwa na akili, ni kusukumwa tu alikokosa. Akasema, "Ndiyo, Dada." Nikamwuliza anafikiri atafika kumi bora? Akasema tusimharakishe. Benard tangu zamani ni mtu wa kutoharakisha, ndiyo maana alikuwa wa arobaini na moja.

Nimempikia Chelsea kuku. Alitazama orodha kwenye friji, akamtazama baba yake, akasema asante.

Ijumaa, 30 Mei

Leo Mesaimeer hakuna aliyeniuliza nikakosa jibu. Nimewaambia namba. Wairimu ameshaanza kuuliza kama Benard anaweza kumpokea na wa kwake kwenye orodha.

Velma peke yake ndiye aliyekunja uso. Yeye hukaa na Chelsea ile saa moja kati ya mimi kutoka na Collins kurudi. Akasema, "Huyo mtoto siku hizi hachezi na Tevin. Anakaa tu akingoja baba yake. Ukimwuliza kitu anakuangalia kwanza."

"Anafikiri kabla ya kujibu. Ni vizuri."

"Sawa. Mimi nimesema tu nilichoona."

Watu hawapendi kuona mtoto wa mwenzao akipanda.

Jumanne, 3 Juni

Digrii arobaini na tano. Kiyoyozi cha sebuleni kimekufa, tunasomea chumbani, yeye kitandani na mimi mlangoni.

Jumapili, 8 Juni

Namba 6. Alama 402.

Sina la kuongeza. Orodha tatu kwenye friji, moja chini ya nyingine, na kila nipitapo kuchukua maziwa naona jina lake likipanda.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi Collins alichelewa kuondoka. Alisimama jikoni na funguo mkononi, mtu ambaye saa kumi na moja na nusu huwa ameshafika barabara kuu. Akasema, "Ile barua ya kumtoa Chelsea shule. Usiipeleke kesho. Waombe wiki moja."

"Wiki moja ya nini?"

"Tufikirie."

Nimefikiria tangu Aprili. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia yeye anarudi saa nane na nusu kwa mtoto aliyeshafundishwa, anakaa kwenye kochi, na sasa anataka kufikiria. Nilimwonyesha friji. Nilimwuliza anaona nini pale. Akasema anaziona orodha. Nikamwambia basi aniambie ni shule gani Doha nzima ingefanya vile kwa wiki sita. Akatazama mlango wa chumba cha Chelsea, akaenda zake kazini.

Ndivyo alivyo. Hana sababu, ana wasiwasi tu. Sababu zote za nyumba hii huzibeba mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepeleka barua mwenyewe, nikiwa njiani kwenda kliniki. Fomu yao ilikuwa na kisanduku kidogo cha kuweka alama, hatutarudi, lakini mimi niliambatanisha kurasa mbili. Niliwaandikia kwamba mtoto waliyemwita yuko njiani amefika bila wao. Niliwaandikia namba zake tatu. Niliwaandikia kwamba nyota ni za kupamba keki. Mwisho nikaandika kwamba nafasi yake wampe mtoto ambaye mzazi wake haogopi kutojua.

Dada wa mapokezi aliipiga muhuri bila kuisoma. Nilikaa garini dakika kumi nikiwa nimeridhika kabisa.

Jumamosi, 14 Juni

Kombe la Dunia. Collins hatazami hata mpira. Amekaa tu.

Jumapili, 22 Juni

Nimepiga simu kliniki kwamba leo siji. Naandika saa nane mchana na Chelsea yuko kwa Velma.

Orodha ilifika saa tatu asubuhi. Namba 2. Alama 455. Nilipiga kelele mpaka Chelsea akadondosha penseli. Namba mbili! Namba yangu ile ile. Nilimkumbatia nikasahau kwamba mimi ni Mwalimu, na yeye akasimama tu ndani ya mikono yangu, mabega juu, akingoja niishe.

Kisha nikataka kujua huyo wa kwanza ni nani. Kwa mara ya kwanza tangu Mei nilisoma mstari usio wa mwanangu. Moraa Gladys, 461. Alama sita tu juu yetu. Nikaenda kwenye friji kuangalia kama huyo Gladys anapanda au anashuka, nijue tutampita lini. Orodha ya Juni mwanzo: 461. Nikasema mtoto huyu hatetereki. Orodha ya Mei mwisho: 461. Orodha ya kwanza kabisa: 461.

Nikashuka kwa wa chini yake. Ombati Joram, 449. Mara zote nne 449. Nikachukua kalamu nyekundu nikashuka jina kwa jina mpaka chini. Watoto arobaini na watatu, wiki sita, hakuna aliyepata wala kupoteza hata alama moja. Mmoja tu ndiye aliyekuwa akitembea katikati yao. Orodha zile zilikuwa kwenye friji yangu, nazipita mara ishirini kwa siku.

Nilimtuma Chelsea kwa Velma nikampigia Benard. Alikuwa kanisani, nikasikia anatoka nje.

"Benard, usinizungushe. Nimesoma orodha zote."

Akasema, "Mtihani wa kwanza ulikuwa wa kweli, Dada. Thelathini na saba aliipata mwenyewe."

"Na wa pili?"

"Wa pili karatasi yake ilikuja tupu."

"Tupu vipi?"

"Tupu. Masomo yote matano. Jina na tarehe. Na barua kidogo kwenye ile ya mwisho."

Nikamwambia aitume. Akasema hakutaka niione. Nikamwambia aitume au nisafiri niifuate. Akaituma. Ni mwandiko wa Chelsea, ule safi ninaousifia, na unaona palipofutwa na kuandikwa tena. Nainakili hapa kama ilivyo.

"Anko Benard, nimejaribu lakini siwezi kuanza. Tafadhali naomba namba ya katikati. Si lazima iwe nzuri sana. Usimwambie Mama."

Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa chini sakafuni.

"Ukampa kumi na tisa," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Hakuomba sita. Hakuomba mbili."

"Hizo sikumpa yeye. Nilikupa wewe. Ulinipigia ukicheka, Dada. Tangu Baba afe sijakusikia ukicheka hivyo. Karatasi zikaendelea kuja tupu na mimi nikaendelea. Na mbili nilijua utaiamini."

Hapo nililipuka. Nilimwita mwongo. Nilimwita mwalimu wa jina tu. Nilimwambia mtu aliyekuwa wa arobaini na moja angejuaje kulinda namba ya mtoto. Aliniacha mpaka nikamaliza.

"Unakumbuka nani alikuwa akisoma ripoti yangu mbele ya Baba?" akauliza. "Baba alikuwa haoni vizuri bila miwani. Ulikuwa unaisoma wewe. Ulikuwa unaanza kabla sijavua viatu." Hakuwa na hasira hata kidogo. "Mtoto alipoandika vile sikuona Chelsea, nilijiona mimi. Nilikosa, najua. Lakini ungeniuliza karatasi hata mara moja, ningekuonyesha."

Nimekata simu. Nina hasira naye. Ameniibia wiki sita na amenifanya kichekesho cha Mesaimeer nzima. Na kila nikitafuta alichosema cha uongo kuhusu viatu, sikipati.

Jumatatu, 23 Juni

Collins alijua. Bila shaka alijua, nani alipiga picha karatasi tupu mara tatu akazituma?

Alirudi jana saa nane na nusu akanikuta sakafuni na orodha. Aliweka funguo mezani akavuta kiti.

"Mara ya kwanza alipokataa nilidhani ni siku moja," akasema. "Alikaa na karatasi saa mbili, penseli iko juu, haishuki. Nikamwambia andika chochote. Akaanza kutapika."

"Na hukuniambia."

"Aliniomba."

"Ulikaa ukaniacha nikapeleka barua ile! Nafasi ya mtoto imeenda, Collins, na wewe unajua hajui hata kuanza!"

"Nilikwambia uombe wiki moja."

"Hukusema kwa nini!"

"Ningesema vipi, Peninah?" Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Humu ndani mtu akitaka kukwambia neno lazima kwanza aangalie umeamkaje. Mimi naangalia. Benard kule Kenya anaangalia, anasikiliza unavyosema halo. Na sisi ni watu wazima. Nilikuwa nangoja siku utulie. Haikufika, na tarehe ikafika. Hilo ni kosa langu na sitalikana."

Nilitaka kumrushia kitu. Nilitafuta cha kurusha, nikaona sahani ya mtoto bado ina wali wa mchana, umezungushwa tu.

Watu watatu ninaowapenda walikaa wakapanga jinsi ya kuishi na mimi, kama watu wanavyopanga njia ya kupita kwenye nyumba yenye mbwa mkali. Ndilo linaloniuma kuliko uongo wenyewe. Nimelala nalo na nimeamka nalo. Na leo asubuhi Chelsea alivaa sare, akakaa mezani, akasimama nilipoingia. Nikamwambia kaa. Akaniuliza, "Mama amekasirika?" Hakusema umekasirika. Alimwuliza Mwalimu habari za Mama.

Nikamwambia leo hakuna masomo, avue sare. Alidhani ni adhabu.

Jumanne, 24 Juni

Nimekwenda shule. Dada wa mapokezi alitafuta kwenye kompyuta, akasema nafasi imechukuliwa tangu tarehe 16. Kuna orodha ya kungoja, na kwa darasa lile hawategemei nafasi mwaka huu wote. Nilimwambia ilikuwa makosa. Akasema kwa upole kwamba barua yangu wameihifadhi kwenye faili na haionekani kama makosa.

Nilijaribu shule nyingine mbili, moja Wakrah na moja karibu na uwanja wa ndege wa zamani. Zimejaa. Nilipiga simu hadi Umm Salal.

Miss Cheryl nilimkuta kwenye maegesho akipakia maboksi garini, anasafiri likizo. Nilitaka nimpite. Akaniita, akaniuliza Chelsea anaendeleaje, bado anafuta? Siku zote nimemchukia kwa sauti yake ile, na leo nimemchukia zaidi, kwa sababu mwezi wa nne alikuwa amesimama mbele yangu akijaribu kunionyesha mwanangu na mimi nikamdai namba. Nikamwambia hapana, hafuti tena, sasa haandiki kabisa. Machozi yakanitoka mbele yake. Aliniandikia barua pepe yake kwenye kipande cha boksi, akasema nimwandikie wakati wowote. Hakunipa pole za uongo.

Ijumaa, 27 Juni

Sikutaka kwenda Mesaimeer lakini nimekwenda. Wairimu akaja na jina la mtoto wake kwenye karatasi, la kumtumia Benard. Nikamrudishia. Nikamwambia orodha zile hazikuwa za kweli, namba ya kweli ya Chelsea ni thelathini na saba, na tangu hapo hana namba. Akaangalia chini. Kufikia mwisho wa ibada nadhani kanisa zima lilikuwa limejua.

Kwenye gari Velma alisema, "Kwa hivyo Septemba ataenda wapi?"

"Nyumbani. Ataendelea kusomea nyumbani."

"Na watu wakikuuliza kwa nini?"

"Kwa sababu niliandika barua nikiwa na hasira. Na kabla ya hapo ni kwa sababu sikuweza kulala bila kujua kama amempita mtoto wako."

Velma akakata kona. "Wangu hata kusoma saa hajui," akasema. "Na anaenda darasa la tano." Tukacheka kidogo, cheko la watu waliochoka. Hakuniambia nisijali. Nimemshukuru kwa hilo.

Jumatatu, 30 Juni

Ramadhani imeingia, kliniki imebadilisha zamu, niko nyumbani mchana kutwa. Sare nimeiweka chini kabisa ya sanduku. Benard sijampigia. Nimemtumia ujumbe wa neno moja, samahani, na yeye amejibu kwa picha ya darasa lake likiwa tupu baada ya vipindi.

Saa tano hivi nilikuwa nakanda unga wa chapati. Chelsea alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni na kitabu. Sikumwita. Akauliza kama anaweza kukaa. Nikamwambia kaa. Akafungua ukurasa wa 41, zile sehemu zote nilizomfanyia ubaoni mwezi wa nne, akaweka karatasi nyeupe mbele yake na penseli juu ya karatasi.

"Niambie tu kwa mdomo," nikasema. "Theluthi moja jumlisha robo moja. Ungeanzaje?"

Aliniangalia usoni kwanza. Aliangalia kwa makini, macho, mdomo, kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Kisha akasema angejumlisha moja na moja, na tatu na nne.

Alikosea palepale mwanzo. Wiki nane za kunakili ubao wangu, na hajui hata kwa nini sehemu zinatafutiwa namba moja ya chini. Hasira zilinipanda, sitajidanganya humu. Zilipanda kama siku zote. Lakini mikono yangu ilikuwa ndani ya unga mpaka vifundoni, nisingeweza kushika penseli hata kama ningetaka.

"Endelea," nikamwambia.

Akaendelea. Sauti ilikuwa ndogo, halafu ikakua. Aliniambia anavyoona namba za juu kuwa watu na za chini kuwa nyumba wanazokaa, na kwamba yeye siku zote huwa anawaonea huruma walio kwenye nyumba kubwa zaidi kwa sababu wanapata kipande kidogo. Sikuwahi kujua kwamba anawaza hivyo. Alizungumza kama dakika tano mfululizo, akakosea mara tatu, akafika mbili juu ya saba.

"Ni sawa?" akauliza.

"Hapana. Si sawa."

Akaningoja. Niliona mabega yakianza kupanda. Nami nilikuwa na maneno mengi mdomoni, nikayameza, nikaendelea kukanda. Tulikaa hivyo, kiyoyozi kinanguruma, unga umeshakuwa laini kupita kiasi na mimi bado naukanda.

Kisha akachukua penseli akaanza kuandika.